Udongo, Waya na Tyubu: Historia ya Michezo ya Kujitengenezea ya Watoto wa Afrika Mashariki

Kwa sehemu kubwa ya historia, vitu vya kuchezea vya watoto wa Afrika Mashariki havikununuliwa. Vilitengenezwa na watoto wenyewe, au na kaka na dada zao, kwa kile kilichopatikana karibu na nyumba: udongo wa mtoni, gunzi la muhindi, gome la mgomba, kifuu cha nazi, na baadaye debe la mafuta ya taa, waya na tyubu iliyotoboka. Ndiyo maana historia ya michezo hii ni pia historia ya mabaki. Kila bidhaa iliyoingia kwa jahazi, kwa reli au kwa lori iliacha taka zake, na watoto wakazipatia kazi. Taka zilipobadilika, mazoezi ya mkono na mguu nayo yalibadilika. Kufinyanga udongo hakumfundishi mtoto kile anachofundishwa na kukunja waya, na anayekimbiza ringi barabarani hautumii mwili wake sawasawa na anayedaka kijiwe akiwa amechuchumaa mbele ya kishimo.

Mazoezi yenyewe huanza kabla mtoto hajaweza kushika chochote cha kuchezea. Mwaka 1957 Marcelle Geber, daktari kutoka Ufaransa, na mwenzake R. F. A. Dean walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa watoto wachanga wa Kampala, wakieleza kuwa watoto hao walikuwa mbele ya wenzao wa Ulaya katika kuumudu mwili. Matokeo hayo yalizua mabishano ya miaka mingi, na baadhi ya waliobishana walilichukua jambo hilo kama la kuzaliwa nalo. Jibu lililo makini zaidi lilitoka Kokwet, kijiji cha Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, alikofanyia utafiti Charles Super katika miaka ya 1970. Katika makala yake ya mwaka 1976 Super alionyesha kuwa watoto wa Kokwet waliwahi kukaa, kusimama na kutembea kuliko watoto wa Marekani, lakini katika kutambaa hawakuwazidi. Tofauti ilikuwa katika malezi. Akina mama wa Kokwet walimkalisha mtoto katika kishimo kidogo kilichochimbwa ardhini ili mgongo upate pa kuegemea, wakamrukisharukisha mapajani, wakamshika mikono na kumtembeza. Kutambaa hakukuwa na mwalimu, na hakukuwahi. Mambo kama hayo yanajulikana pia pwani, ambako mtoto husimamishwa dede, huku watu wazima na watoto wakubwa wakimpigia makofi na kumhesabia sekunde anazodumu kabla hajaketi chini kwa kishindo.

Vitu vya kuchezea vya zamani kabisa vimeacha alama chache, kwa kuwa udongo usiochomwa hurudi kuwa udongo na gunzi huliwa na mchwa. Hata hivyo utengenezaji wake umeendelea hadi karne hii. Katika jamii za wafugaji watoto wamefinyanga ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe, wakawajengea zizi la vijiti au la miiba. Pembe ndiyo mtihani. Udongo ukiwa mkavu pembe hupasuka, ukiwa na maji mengi hulala, na mtoto hulazimika kuusikiliza kwa ncha za vidole mpaka apate kiasi kinachofaa. Asiye na udongo alitumia mawe au matunda ya porini, kila moja likiwa na rangi na jina lake katika kundi. Wasichana walitengeneza mwanasesere kwa gunzi, na ndevu za muhindi zikawa nywele za kusuka. Kidole cha mtoto wa miaka mitano au sita kilijifunza hapo kugawa nywele mafungu matatu na kuyapishanisha bila kuyaachia, kazi ambayo baadaye angeifanya kichwani mwa mdogo wake, na pwani angeifanya kwa ukindu akisuka ukili.

Penye migomba, kuanzia Buganda na Bukoba hadi miteremko ya Kilimanjaro, mmea huo mmoja ulikuwa duka zima. Magome yake makavu yalisokotwa kamba na kufungwa kuwa mpira, na shina lake bichi, lililo laini hata kwa kisu butu, lilikatwa kuwa magurudumu. Gome bichi lenye utelezi lilikaliwa na kuserereshwa mlimani. Pwani kazi hiyo ilifanywa na kuti la mnazi: mmoja hukaa kwenye sehemu pana, mwingine huvuta mbio, na anayekaa hujifunza kuuweka mwili katikati ili asipinduke.

Mchezo unaostahili kuangaliwa kwa karibu ni mdako. Hautaki chochote ila kishimo kidogo ardhini na vijiwe vipatavyo kumi. Mchezaji hurusha kijiwe kimoja juu, na kabla hakijarudi mkononi huchota vingine kutoka shimoni kwa mkono uleule. Hurusha tena na kuvirudisha vyote isipokuwa kimoja, ambacho ndicho pato lake. Anayekosa kudaka, au anayeacha nje vijiwe zaidi ya inavyotakiwa, hupoteza zamu. Kadiri mchezo unavyoendelea idadi ya kuacha huongezeka, kwa hiyo vidole hulazimika kupima bila msaada wa macho, kwa kuwa macho yamo angani na kijiwe kilichorushwa. Ni vigumu kupata zoezi bora zaidi la kuyaunganisha macho na mkono, na hakuna mtu mzima aliyelibuni kwa ajili ya kufundishia. Sababu ya mdako kuwa hasa mchezo wa wasichana ilikuwa ya maisha ya kila siku: ulichezwa kwa kukaa au kuchuchumaa, hivyo msichana aliyekabidhiwa mtoto aliweza kucheza akiwa naye mgongoni, na mchezo ukaachwa mara moja sauti ya mama ilipoita.

Mashimo yana historia ndefu kuliko mdako. Huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mahali ambapo Mary Leakey aliongoza uchimbaji wa mambo ya kale mwaka 1937 na 1938, mistari ya vishimo vya mchezo wa jamii ya bao imechongwa kwenye mwamba. Bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64, ambazo kwa kawaida ni komwe, ni mchezo wa watu wazima na una sheria zinazomshinda hata mtu wa makamo. Watoto walichimba bao lao mchangani, wakatumia mawe au kokwa, wakacheza kwa sheria nyepesi. Kilichobaki katika bao hilo la mchangani ni tendo la kugawa kete moja moja shimo baada ya shimo, ambalo hufunza kidole gumba na cha shahada kuachia kimoja na kuzuia vingine. Mtoto anayeanza humwaga kiganja chote katika shimo la kwanza.

Kamba nayo ilikuwa na michezo yake. Mwanasayansi Mwingereza William Cunnington, aliyefika Ziwa Tanganyika katika msafara wa mwaka 1904 na 1905 kuchunguza viumbe wa majini, alirudi na kitu kingine pia: maelezo ya maumbo ya kamba yanayofanywa kwa vidole, ambayo aliyachapisha mwaka 1906. Kamba iliyofungwa ncha zake huvishwa mikononi, ikapitishwa huku na kule, na kwa kuvuta mara moja umbo hutokea au mkono ulioonekana kufungwa hufunguka. Pia, kile kichezeo cha kuzungushwa, nayo ilihitaji kamba. Ilichongwa kwa mti mgumu, ikazungushiwa uzi, ikarushwa na kuchapwa kwa mjeledi wa nyuzi ili isilale. Anayeichonga vibaya hujua kosa lake papo hapo, kwa sababu pia isiyo na mizani huyumba na kuanguka hata ikichapwa na bingwa.

Katika miji ya pwani michezo ya kujitengenezea iliangalia upepo. Orodha ya maneno ya Edward Steere, iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu Kiswahili cha Unguja, inataja pia, tiara na kishada, jambo linaloonyesha kuwa vitu hivyo vilikuwa vya kawaida kwa watoto wa mjini kabla ya utawala wa Waingereza. Kiunzi cha kishada ni chelewa mbili zilizopishanishwa, zilizokwanguliwa mpaka pande zote ziwe na uzito mmoja. Karatasi hugandishwa kwa uji mzito wa unga, na hapo ndipo kazi ya kupima hatamu huanza, maana fundo likipanda kidogo kishada hupiga mbizi, likishuka hukataa kupanda. Huko Lamu na Unguja, watoto wa wavuvi walichonga vidau na vingalawa vyenye mirengu, wakavipa tanga la kitambaa na kuvishindanisha maji yanapojaa. Mtoto aliyekwisha kurekebisha tanga la chombo cha urefu wa mkono wake mara nyingi hakuanza upya alipopandishwa kwenye ngalawa ya baba.

Mpaka kati ya mchezo na kazi haukuwa mkali. Msimu wa mtama au mpunga ulipokaribia kuvunwa watoto walipelekwa kuamia ndege, wakakaa juu ya dungu kutwa nzima na kombeo la nyuzi za kusuka. Kutupa jiwe kwa kombeo kunataka bega, kiwiko, kiganja na wakati wa kuachia ncha moja ya kamba vipatane. Walioshinda dunguni walilenga ndege, na ndege walipokosekana walilenga kisiki. Wasichana walipewa mtungi mdogo wa kuchotea maji na mchi mwepesi wa kutwangia. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, aliweka michezo hiyo ndani ya sura ya elimu na si ya starehe: wavulana wa Kikuyu kwa mikuki ya miti, pinde na kombeo, wasichana kwa vikapu vya majani na vyungu vidogo vya udongo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1940, Otto Raum, mtoto wa mmisionari wa Kilutheri wa huko Uchaggani, alichapisha Chaga Childhood, kitabu kinachochambua kwa kirefu malezi na michezo ya watoto wa Kilimanjaro. Raum hakuridhika na maelezo kwamba mtoto anaiga tu. Aliona kwamba watoto huchagua cha kuiga, huongeza chumvi, na mara nyingine huwadhihaki wakubwa wao. Hoja hiyo ina uzito kuliko ya Kenyatta, hata kama kitabu cha Raum hakikupata wasomaji wengi kama kile, kwa sababu inaeleza kwa nini vitu vya kuchezea viliweza kubadilika haraka pindi mazingira yalipobadilika. Mtoto anayeiga tu angeendelea kufinyanga ng'ombe.

Mazingira yalibadilika kwa kasi kuanzia mwisho wa karne ya 19. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na reli ya kati kutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli na barabara zilizofuata yalikuja mafuta ya taa katika madebe, waya wa simu, misumari, baiskeli na matairi. Debe lilikuwa na thamani kubwa mno kuachiwa watoto, kwani lilichotea maji, lilipimia nafaka na kuezekea nyumba, lakini kopo dogo la maziwa au la rangi ya viatu liliwaangukia wao. Makopo mawili yaliyotobolewa na kutiwa kamba yakawa viatu virefu vya kutembelea: mtoto husimama juu yake, hushika kamba kwa mikono, na huinua mkono na mguu wa upande mmoja kwa pamoja. Anayesahau kuvuta kamba huacha kopo nyuma na kuanguka mbele.

Mpira wa tyubu ndio ulioleta manati. Kombeo lilihitaji ujuzi wa kusuka na miezi ya mazoezi, wakati manati ilihitaji panda la mti, vipande viwili vya tyubu na ngozi ya kiatu kikuukuu. Ililenga vizuri zaidi, ikaingia mjini, ikavunja vioo, na ikapigwa marufuku na wazazi na walimu kila mahali bila mafanikio makubwa. Kwa upande wa mazoezi ya mwili manati ilikuwa hasara kidogo, kwa sababu bega halina kazi kubwa. Ilifidia kwa jicho na kwa utulivu wa mkono.

Baiskeli ilitoa ringi. Ringi isiyo na spoku huendeshwa kwa kijiti kinachopita katika mfereji wake, na ustadi wake wote uko katika kona na mteremko, ambako kijiti hugeuka kuwa breki. Tairi la gari lilipigwa kwa kiganja, au likaendeshwa kwa vijiti viwili vilivyoingizwa ndani, ambamo watoto walitia maji ya sabuni au oili chafu ili vijiti viteleze. Kutumwa dukani kulifanyika kwa ringi. Mtoto aliyetumwa bila ringi alitembea, aliyekuwa nayo alikimbia kwenda na kurudi, na kilomita nyingi za mbio za utoto wa Afrika Mashariki zilikimbiwa kwa namna hiyo pasipo mtu kuziita mazoezi. Mashariki mwa Kongo, eneo la Goma, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kiitwacho chukudu, kinachofanana na kile ambacho watoto wa milimani kwingineko hujichongea ili kuteremka nacho, kilishika kazi ya watu wazima tangu miaka ya 1970, kikabeba viazi, makaa na kuni hadi sokoni.

Lakini kilele cha ufundi wa watoto ni gari la waya. Kujenga gari la waya kulihitaji kwanza kupata waya: waya wa kufungia nondo, wa seng'enge iliyochakaa, wa kutundikia nguo, na mara nyingine, kwa hasira ya serikali, wa simu. Waya uliopinda hunyoshwa kwa kugongwa kwa jiwe juu ya jiwe. Kisha hupimwa kwa shubiri, hukunjwa kona kwa meno au kwa koleo la kuazima, na viungo hufungwa kwa waya mwembamba au vipande vya tyubu. Magurudumu yalikatwa kutoka kwenye soli za ndala, au yakawa vizibo vya soda vilivyotobolewa kwa msumari wa moto, au vifuniko vya makopo. Usukani haukuwa ndani ya gari. Ulikuwa juu, kwenye waya mrefu uliofika kiunoni au kifuani mwa dereva, ukishuka hadi kwenye ekseli ya mbele, ili mtoto aweze kukimbia wima huku akikata kona. Kuunganisha waya huo na ekseli kwa namna ambayo mzunguko wa mikono unageuka kuwa mgeuko wa magurudumu ni tatizo la kimakanika, na lilitatuliwa maelfu ya mara na watoto wasio na daftari wala mchoro.

Gari la waya lilifuata barabara. Palipopita Land Rover, ilitengenezwa Land Rover. Lori la pamba au la kahawa lilipopita, lilitengenezwa lori lenye bodi ya kufunguka. Katika miaka ya 1980 daladala zilipoanza kuhudumia Dar es Salaam, na matatu zikiwa tayari zimetawala Nairobi, magari ya watoto nayo yalipata milango, keria na utingo wa kufikirika. Fundi wa namna hii alikuwa mvulana wa kati ya miaka minane na kumi na minne. Wadogo wake walibeba mawe ya kunyoshea, wakashika ncha ya waya, wakaruhusiwa kuendesha kwa zamu, na hivyo wakajifunza. Mpangilio huo wa kupokezana kutoka kwa mkubwa hadi mdogo ni muhimu kuliko gari lenyewe. Pakiti za maziwa zilipoenea, Kenya hasa baada ya mpango wa maziwa ya Nyayo kutangazwa kwa shule za msingi mwaka 1979, gari la boksi la maziwa lenye magurudumu ya vizibo likawa ngazi ya kwanza kwa wasioweza bado kukunja waya.

Mpira wa miguu una mlolongo wake. Ulipoenea kupitia shule za misheni, bandari na reli, mpira wa ngozi ulikuwa wa wachache, na watoto wakaufunga wao wenyewe kwa magome ya mgomba, kisha kwa matambara na makaratasi, kisha kwa mifuko ya plastiki. Tanzania kandanda hiyo ya mitaani iliitwa chandimu, na Kenya mpira wenyewe ukaitwa juala. Kuufunga ni kazi ya vidole: kiini huvikwa tabaka juu ya tabaka, kisha wavu wa kamba huzungushwa kwa mafundo yanayolingana, maana fundo moja likiwa nene mpira hupinda njia. Mpira huo haudundi sana. Anayeucheza pekupeku hulazimika kuusukuma karibu na mguu, na waliokulia juu yake walijulikana kwa chenga kuliko kwa pasi ndefu.

Mpira mdogo wa soksi au matambara ulikuwa wa rede, ambayo sehemu nyingine huitwa nage, na Kenya ina jamaa yake aitwaye kati. Wawili husimama pande mbili na kutupiana mpira wakimlenga aliye katikati. Katika rede aliye katikati hana kazi ya kukwepa tu, bali pia anatakiwa kujaza chupa mchanga, kuisawazisha na kuimwaga kabla hajapigwa. Kwa hiyo huchuchumaa, huchota kwa haraka kwa mkono, huruka, hulala, hurudi kwenye chupa. Misuli mikubwa na midogo hufanya kazi kwa zamu, kila moja ikiingiliana na nyingine. Tyubu zilezile zilizozaa manati zilikatwa nyembamba na kuungwa kuwa kamba ndefu ya kuruka, blada kwa watoto wa Kenya, ambayo hupandishwa kutoka kwenye vifundo vya miguu hadi magotini, kiunoni, na kwapani. Waliokuwa wakiandika kuhusu michezo kwa miaka mingi waliitazama chandimu na kuipita rede, ingawa uwanja wa rede ulikuwa uani pao.

Shule iliichukua michezo hii polepole. Shule za kikoloni zilipenda kwata na mazoezi ya viungo kwa filimbi, na kilichochezwa nje ya ua hakikuwahusu walimu. Elimu ya Kujitegemea, waraka wa Julius Nyerere wa Machi 1967, iliipa kazi ya mikono heshima ndani ya shule za Tanzania, lakini ilifikiria zaidi jembe na shamba kuliko mchezo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bidhaa zilipoadimika madukani, karibu kila kitu cha kuchezea nchini humo kilikuwa cha kujitengenezea, na hilo lilitokana na uhaba na si na sera. Nchini Kenya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliweka sanaa na ufundi katika shule za msingi, na kwa miaka kadhaa waya, udongo na vifuu vikawa sehemu ya mtihani. Wazazi wengine walinunua kazi zilizokwisha tengenezwa na fundi ili mtoto apate alama.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na elimu ya awali. Kituo cha taifa cha elimu ya awali cha Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1984 ndani ya taasisi ya elimu ya nchi hiyo, kilihimiza walimu kukusanya hadithi, nyimbo na michezo ya jamii zao na kutengeneza vifaa kwa vitu vya mahali pao. Huko Mombasa, baada ya viongozi wa jamii ya Kiislamu kuomba msaada wa Wakfu wa Aga Khan, ulizaliwa mpango wa shule za awali za madrasa, ambao Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waasisi wake. Kituo cha Mombasa kilianza kazi katikati ya miaka ya 1980, Zanzibar ikafuata mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Madarasa yake yaligawanywa kona kona, na kila kona ikajazwa vifuu vya kumiminia maji na mchanga, vizibo vya kuhesabia, makopo ya kupanga, vitambaa vya kufunga na kufungua vifungo, mbegu za kutunga kwenye uzi. Tanzania Bara iliiingiza elimu ya awali rasmi katika sera yake ya elimu na mafunzo ya mwaka 1995, na mkufunzi akawa na somo la kufaragua zana.

Mpango wa namna hii ulifikisha vitu vya kuchezea kwa watoto wadogo kuliko wale ambao waya na manati viliwafikia, na hilo ni jema. Pamoja na hayo ulihamisha kazi. Gari la waya lilijengwa na anayelicheza. Zana ya darasani hukatwa, hutobolewa na kupakwa rangi na mwalimu usiku, na mtoto huipata ikiwa tayari. Mkono unaopata mazoezi makubwa hapo ni wa mwalimu. Walimu hodari wamelitambua hilo na kuwaachia watoto wa miaka mitano kazi ya kufinyanga na kutunga wenyewe, wakikubali zana mbovu kwa faida ya vidole. Wengine huzipanga zana nzuri juu ya rafu ili zisichafuke kabla ya mkaguzi kuja.

Karne ya 21 imebadilisha taka kwa mara nyingine. Vitu vya plastiki kutoka China vimeshuka bei hadi kufika minadani, na uwanja wa wazi mijini umejengwa. Wakati huohuo mifuko ya plastiki, iliyokuwa malighafi ya mpira wa watoto kwa takriban kizazi kizima, imepigwa marufuku: Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Mtaala wa umilisi wa Kenya, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, una shughuli za viungo na ubunifu kwa madarasa ya awali. Tanzania ilizindua Desemba 2021 programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ambayo inawalenga wazazi pamoja na shule, na ambayo inazungumzia mchezo kama sehemu ya ujifunzaji wa awali. Kwa kuwa mifuko hiyo haipatikani tena kwa urahisi, mipira ya mitaani sasa hujazwa vipande vya godoro na nguo kuukuu, huvishwa soksi au kiroba cha unga, na hufungwa kwa kamba za nailoni zilizofumuliwa kutoka kwenye viroba hivyohivyo.